UCHAMBUZI: Uhalifu wa bahari kuu wamfikia mkulima wa Nakuru shambani

MKULIMA wa ngano wa Mau Narok au wa viazi wa Molo huenda hajawahi kuiona bahari. Kutoka mji wa Nakuru hadi bandari ya Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na wakazi wengi wa eneo la kati la Bonde la Ufa hulisikia neno ‘maharamia’ katika taarifa ya habari tu, kana kwamba ni jambo la Wasomali, wanajeshi wa kigeni na matajiri wenye meli.

Hata hivyo, mbolea anayopandia mkulima huyo huletwa kwa meli. Dizeli ya trekta lake hushushwa Mombasa kabla ya kusukumwa kwa bomba hadi kwenye matangi ya Nakuru. Majani chai ya Kuresoi na Kericho hupigwa mnada Mombasa kisha yakapakiwa melini, nayo maparachichi ya Bahati na Subukia huvuka bahari yakiwa ndani ya kontena zenye ubaridi.

Ndiposa uhalifu katika bahari kuu, yaani eneo la maji lisilomilikiwa na taifa lolote, si habari ya Pwani pekee. Ni gharama inayopanda gari moshi na lori, ikapita Nairobi, ikateremka bondeni hadi Naivasha na Nakuru, na mwishowe ikalipwa na mtu ambaye hakuulizwa wala hakuelezwa.

Matukio yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalidhihirisha hali hiyo. Mnamo Novemba 19, 2023, wapiganaji wa Houthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu kwa kutumia helikopta. Mabaharia wake 25 walizuiliwa hadi Januari 2025.

Kabla ya mwezi mmoja kupita, Desemba 14, 2023, meli ya MV Ruen ilitekwa na Wasomali katika Bahari ya Arabia. Uharamia wa Kisomali, ambao ulimwengu ulidhani umezikwa, ukawa umefufuka.

Machi 12, 2024, ikatekwa MV Abdullah ya Bangladesh iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Msumbiji ikielekea Milki ya Nchi za Kiarabu. Mabaharia wake 23 waliachiliwa Aprili 14 mwaka huo baada ya fidia kulipwa.

Novemba 2025, meli ya mafuta ya Hellas Aphrodite, iliyokuwa safarini kutoka India kwenda Afrika Kusini, ilishambuliwa kwa bunduki na roketi mbali na pwani ya Somalia. Mabaharia 24 walijifungia katika chumba maalumu cha usalama hadi manowari ya Uhispania ilipofika siku iliyofuata.

HALIFU MBILI, MLIPAJI MMOJA

Kisheria, matukio hayo si ya aina moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 1989, unaeleza uharamia kuwa ni ukatili, uzuiliaji au uporaji unaofanywa kwa manufaa ya kibinafsi na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, katika bahari kuu.

Msomali anayeteka meli ili alipwe fidia anaingia moja kwa moja katika maelezo hayo. Kundi la Houthi, ambalo lilitangaza kuwa linashambulia meli kwa sababu ya vita vya Gaza, haliingii kwa urahisi, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa ya kisiasa na silaha zake zilikuwa za kijeshi.

Tofauti hiyo ina uzito mahakamani. Haramia anaweza kukamatwa na manowari ya taifa lolote na kushtakiwa katika nchi yoyote iliyo tayari kumpokea. Mpiganaji anayerusha kombora kutoka milimani Yemen ni suala la vita na diplomasia.

Lakini kwa mwenye bima ya meli, tofauti hiyo haina maana kubwa. Anachopima ni uwezekano wa meli kutorudi. Na kwa mkulima wa Njoro haina maana yoyote, kwa sababu gharama humfikia kupitia njia ile ile.

Njia hiyo ni rahisi kueleweka. Mwenye meli anayepita katika maji ya hatari hutozwa ada ya ziada ya bima ya vita, inayokokotolewa kama asilimia ya thamani ya meli yenyewe kwa safari moja.

Katika miezi ya mwanzo ya 2024, ada hiyo kwa Bahari ya Shamu ilikaribia asilimia moja, ilhali kabla ya mashambulizi ilikuwa sehemu ndogo tu ya kiwango hicho. Meli yenye thamani ya Dola milioni 50 za Marekani ikitozwa asilimia 0.7, mwenyewe hulipa Dola 350,000 kabla hajanunua mafuta wala kulipa mabaharia.

Kampuni nyingi kubwa ziliamua kuikwepa njia hiyo kabisa. Badala ya kupitia mlango wa Bab el-Mandeb na Mfereji wa Suez, zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Safari kati ya Asia au Afrika Mashariki na Ulaya ikaongezeka kwa siku kumi hadi wiki mbili.

Siku hizo si za bure. Meli huchoma mafuta zaidi, mabaharia hulipwa zaidi, na kontena ambayo ingefanya safari sita kwa mwaka hufanya nne au tano. Kontena zinapoadimika, kodi yake hupanda hata kwa bidhaa ambazo hazikaribii Bahari ya Shamu.

MIZIGO YA BONDE

Si kila zao la Nakuru huumia kwa kiasi sawa, na ni vyema kutenganisha.

Ngano ndiyo mfano wa kwanza. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano inayoliwa humu nchini, na kwa miaka mingi Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa wauzaji wakuu. Ngano hiyo hutoka Bahari Nyeusi, ikapita Suez na Bahari ya Shamu kabla ya kufika Mombasa. Njia ikifungwa, bei ya unga wa mkate na chapati hupanda, ingawa mashamba ya Njoro na Mau Narok yako karibu na kinu.

Mkulima wa ngano wa Nakuru angetarajiwa kunufaika na upungufu huo. Lakini mbolea yake nayo huagizwa kutoka nje. Anachopata kwenye bei ya gunia hukipoteza kwenye bei ya pembejeo.

Mfano wa meli ya Rubymar unatosha. Ilipigwa kombora na Houthi Februari 18, 2024, na ikazama Machi 2 ikiwa na zaidi ya tani 20,000 za mbolea. Shehena hiyo haikuwa ya Kenya, lakini mbolea huuzwa katika soko moja la dunia, na tani zinazozama huongeza bei ya zilizosalia.

Chai iko katika hali tofauti kidogo. Pakistan, mnunuzi mkubwa zaidi wa chai ya Kenya, hufikiwa bila kuingia Bahari ya Shamu, ijapokuwa meli hupita upande wa Somalia. Misri, mnunuzi mwingine mkubwa, haifikiki kwa njia ya kawaida bila kupita Bab el-Mandeb. Mkulima wa Kuresoi ambaye hajawahi kusikia jina la mlango huo huathirika kila unapotikisika.

Kisha kuna maua. Kwa miongo mingi, mawaridi ya Naivasha yamesafirishwa kwa ndege kupitia uwanja wa Jomo Kenyatta. Kwa sababu ya gharama na uchafuzi wa hewa unaotokana na ndege, wakuzaji walianza kuhamia meli, na baadhi yao walikwisha kufaulu kufikisha mawaridi Ulaya katika kontena za ubaridi.

Safari ya kawaida hadi Ulaya huchukua takriban mwezi mmoja. Ua likitunzwa vyema huvumilia muda huo. Likiongezewa wiki mbili za kuzunguka Afrika Kusini, hufika likiwa halina siku za kukaa mezani kwa mnunuzi. Parachichi nalo huiva njiani.

Hivyo basi, mkakati ambao ungepunguza gharama ya mashamba ya Naivasha, na kulinda ajira za maelfu ya vibarua wanaoishi Karagita, Kihoto na mitaa mingine kandokando ya ziwa, ulikwamishwa na watu wenye makombora na mashua umbali wa maelfu ya kilomita.

NJAA NA MELI

Wanaodhani kuwa haya ni mapya wanahitaji kukumbushwa. Juni 2005, meli ya MV Semlow, iliyokuwa na makao yake Mombasa, ilitekwa ikiwa imebeba tani 850 za mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya Wasomali walioathiriwa na tsunami. Ilizuiliwa kwa zaidi ya siku 90.

Septemba 25, 2008, MV Faina ilitekwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia ya Dola milioni 3.2. Sakata kuhusu nani hasa alikuwa mwenye vifaru hivyo, Kenya au Sudan Kusini, iliiaibisha serikali kuliko utekaji wenyewe.

Novemba 15, 2008, ikaja zamu ya Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia yenye shehena ya mapipa takriban milioni mbili. Ilitekwa mamia ya kilomita kusini mashariki mwa Mombasa, mahali ambapo wataalamu wengi hawakudhani vijana wenye mashua ndogo wangeweza kufika.

Kisha Aprili 8, 2009, maharamia wanne wakaivamia Maersk Alabama ya Marekani. Ulimwengu unakumbuka jinsi nahodha Richard Phillips alivyookolewa siku nne baadaye, pale walenga shabaha wa jeshi la wanamaji la Marekani walipowaua maharamia watatu. Wachache wanakumbuka kilichokuwemo melini: chakula cha msaada kilichokuwa kikielekea Mombasa.

Mwezi Januari mwaka huo, Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la kitaifa, takriban Wakenya milioni 10 wakikabiliwa na uhaba wa chakula. Katika Mkoa wa Bonde la Ufa, hasa Nakuru, maelfu ya waliofurushwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walikuwa wangali wanaishi katika mahema. Mashamba mengi yalikuwa hayajalimwa.

Katika hali kama hiyo, meli moja ya chakula inapotekwa haipotezi faida ya tajiri. Inachelewesha mlo wa mtoto aliye kambini.

Kufikia 2011, mashambulizi yaliyohusishwa na maharamia wa Kisomali yalipita 200 kwa mwaka. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka wa 2013 kwamba uharamia huo uligharimu uchumi wa dunia Dola bilioni 18 kila mwaka, ilhali fidia zote zilizolipwa kati ya 2005 na 2012 zilikuwa kati ya Dola milioni 339 na 413.

Tarakimu hizo mbili zikilinganishwa, jambo moja linajitokeza. Hasara kubwa haikutokana na pesa walizopata maharamia, bali na hofu waliyoieneza. Mwizi alichukua senti, mwenye nyumba akatumia shilingi nyingi kununua kufuli. Kufuli hiyo hatimaye ililipiwa na mnunuzi wa kila bidhaa iliyopita baharini.

MAHAKAMA YA ULIMWENGU

Kenya haikukaa kando. Mwaka wa 2006, mahakama ya Mombasa iliwafunga miaka saba Wasomali kumi waliokamatwa na manowari ya Marekani baada ya kuteka jahazi la Kihindi, Safina al Bisarat. Hiyo ilikuwa kesi iliyoufundisha ulimwengu kwamba palikuwapo mahali pa kupeleka washukiwa.

Kati ya Desemba 2008 na Machi 2009, Kenya ilitia saini maafikiano na Uingereza, Marekani na Muungano wa Ulaya ya kupokea maharamia waliokamatwa na manowari zao. Zaidi ya washukiwa 100 waliletwa Mombasa. Juni 2010, chumba cha mahakama chenye ulinzi mkali kilichojengwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kilifunguliwa katika gereza la Shimo la Tewa.

Lakini mzigo huo ulianza kulemea. Mahakama zilizokuwa na mrundiko wa kesi za Wakenya ziliongezewa kesi ambazo mashahidi wake walikuwa mabaharia waliotawanyika duniani kote. Mwaka wa 2010, serikali ilitoa notisi ya kusitisha maafikiano hayo, ikilalamika kwamba mataifa mengine hayakubeba sehemu yao.

Novemba 2010, Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi za makosa yaliyotendwa nje ya maji ya nchi. Washukiwa tisa wakaagizwa kuachiliwa.

Uamuzi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Oktoba 2012. Majaji walisema haramia ni adui wa wanadamu wote, na kwamba Kenya, sawa na taifa lolote lile, ina mamlaka ya kumhukumu popote alipotendea kosa lake. Tayari Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2009 ilikuwa imetoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha.

Kwa hivyo sheria ipo. Swali ni je, inamkamata nani?

Waliofungwa Shimo la Tewa walikuwa wengi wao vijana wa mashua, wasio na elimu wala mali. Waliotoa pesa za kununulia injini, bunduki na mirungi, na ambao walichukua sehemu kubwa ya fidia, hawakukanyaga sitaha ya meli. Manowari haziwezi kumkamata mtu ambaye hayuko baharini.

Mmoja wa wachache walionaswa ni Mohamed Abdi Hassan, maarufu kama Afweyne. Hakukamatwa na jeshi la wanamaji. Makachero wa Ubelgiji walimvutia hadi Brussels Oktoba 2013 wakijifanya watengenezaji filamu wanaotaka kusimulia maisha yake, na mwaka wa 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 20.

Utulivu ulioshuhudiwa baada ya 2012 ulitokana na mambo kadhaa kwa pamoja: manowari za kimataifa, walinzi wenye silaha melini, kesi mahakamani na kuimarika kiasi kwa utawala nchini Somalia. Kisha ulimwengu ukalegeza kamba. Idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ya kuwaandama maharamia katika maji ya Somalia ilimalizika Machi 2022, na Januari 2023 sekta ya meli ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya maji ya hatari kubwa.

Mwaka haukwisha kabla ya MV Ruen kutekwa.

MASHUA NA MIFUGO

Wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia jinsi biashara ya aina hii inavyoendeshwa. Jirani ya Nakuru, katika kaunti za Baringo na Laikipia, wizi wa mifugo umekuwa na sura hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Zamani ulikuwa desturi ya vijana kutafuta mahari, kwa mikuki na mishale. Bunduki zilipoingia na soko la nyama mijini likakua, ukawa biashara. Kijana anayekufa bondeni akifukuzana na polisi si yeye anayeuza ng’ombe hao kwa malori.

Februari 2023, serikali ilituma wanajeshi kusaidiana na polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa. Operesheni kama hizo zimekuwapo tangu enzi za serikali zilizotangulia, na kila mara majangili hutawanyika kisha wakarejea, kwa sababu anayewapa risasi na anayenunua mifugo hubakia salama.

Kuna mlingano mwingine. Wasomali wengi husema uharamia ulianza kama hasira ya wavuvi. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka wa 1991, meli za kigeni ziliingia katika maji yao na kuvua bila kibali, zikikata nyavu za wenyeji. Malalamishi hayo yana ukweli, na uvuvi haramu umeendelea hadi miaka ya karibuni.

Hata hivyo, malalamishi ya haki hayahalalishi biashara ya kuteka watu. Mchele wa wahanga wa tsunami haukuwa umevua samaki wa mtu. Wala fidia za mamilioni hazikujenga gati wala kiwanda cha barafu kwa mvuvi wa Eyl au Hobyo.

Funzo ni kwamba mahali ambapo serikali haionekani, mwenye silaha hujitwika cheo cha mlinzi, kisha akageuka mtoza ushuru, na hatimaye mporaji. Hilo ni kweli Puntland kama lilivyo kweli Tiaty.

ULINZI HADI ZIWANI

Kenya ilianzisha Kikosi cha Walinzi wa Pwani mwaka wa 2018 ili kupambana na uvuvi haramu, ulanguzi wa dawa za kulevya na uhalifu mwingine majini. Haja ilikuwa wazi. Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini katika bahari kuu karibu na Kenya. Agosti mwaka huo huo, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru meli ya Al Noor iliyonaswa na heroini ilipuliwe baharini.

Wengi hawatambui kwamba mamlaka ya kikosi hicho yanafika pia katika maziwa ya bara, na kwamba maafisa wake wamehudumu Ziwa Naivasha. Huko wamekabiliana na wavuvi wasio na leseni na nyavu zilizopigwa marufuku. Wakazi nao wamelalamikia matumizi ya nguvu kupita kiasi.

Ziwa Naivasha si bahari kuu, lakini ni mizani ya kupimia kikosi chenyewe. Kikosi kisichoweza kutofautisha mhalifu na kijana anayetafuta kitoweo katika ziwa dogo, hakitaaminiwa na wavuvi wa Lamu na Kiunga, ambao ndio macho na masikio ya kwanza ya taifa dhidi ya uhalifu wa baharini.

LA KUFANYWA

Wapo wanaosema Kenya haina manowari za kutosha, hivyo iwaachie wenye uwezo. Hoja hiyo ina kiasi cha ukweli. India, kwa mfano, ilituma makomando kuikomboa MV Ruen Machi 16, 2024, ikawaokoa mabaharia 17 na kuwakamata maharamia 35. Haikuwaleta Mombasa. Iliwapeleka Mumbai, washtakiwe chini ya sheria yake ya kupambana na uharamia ya 2022.

Hilo lenyewe linapaswa kupokelewa kwa furaha. Halalamiki tena mtu kwamba Kenya ndiyo gereza pekee la maharamia. Lakini haliiondolei Kenya wajibu katika mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake.

La kwanza ni pesa. Fidia haiwezi kuwa na faida mpaka ifichwe katika majumba, magari au biashara. Benki, mawakala wa kutuma pesa na wauzaji wa mali isiyohamishika wakifuatiliwa ipasavyo, mfadhili atakosa pa kuficha mavuno yake, awe amefadhili mashua ya Hobyo au genge la wezi wa ng’ombe.

La pili ni uwazi wa bei. Gharama za bima na usafiri zinapopanda, mwagizaji na wakala huziongeza mara moja. Zinaposhuka, huchelewa kuzipunguza. Bei ya mafuta angalau hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, na mtu anaweza kuuliza imekokotolewa vipi. Mnunuzi wa mbolea Nakuru hana tangazo kama hilo la kumwonyesha ni kiasi gani cha bei ya mfuko ni mbolea na ni kiasi gani ni hofu ya baharini.

La tatu ni bohari ya kontena ya Naivasha, iliyoanza kazi baada ya reli ya kisasa kufikishwa eneo la Mai Mahiu na Suswa mwaka wa 2019. Ilijengwa hasa kwa ajili ya mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Yafaa iwatumikie pia wakulima wanaoizunguka, kwa maghala yenye ubaridi na hifadhi ya mbolea ya msimu mzima.

Hifadhi hiyo ndiyo bima ya mnyonge. Mkulima anayenunua mbolea iliyoingia miezi mitatu kabla ya mvua hatetemeki meli ikishambuliwa wiki ya kupanda. Anayesubiri meli ifike ndipo apande, yuko mikononi mwa kila mwenye roketi kati ya Yemen na Kismayu.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na viongozi wake hupenda kulitaja kuwa kitovu cha biashara cha Bonde la Ufa. Kitovu cha biashara hakiwezi kujifanya kisiwa. Reli, bomba la mafuta na barabara kuu vinavyokipatia riziki vyote vina ncha moja baharini.

Wahenga walisema, ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Safari hii hakuna cha kusubiri: wembe ulikwisha kufika shambani tangu meli ya kwanza ilipogeuza njia. Kilichobaki ni kwa wabunge na madiwani wa eneo hili kuacha kulichukulia suala la usalama wa bahari kama la wenzao wa Pwani, na kulidai bungeni kama wanavyodai barabara, maji na bei nzuri ya maziwa.